Kuziba Fayaplesi Isiyotumika Bila Kuharibu Ukuta

Nyumba nyingi za zamani za Milimani mjini Nakuru, za Njoro, Elburgon na Molo zina meko ya ukutani sebuleni, yale ambayo kila mtu huyaita fayaplesi. Waliozijenga hawakuwa wakijipamba. Nakuru mjini iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Molo inakaribia mita 2,500, na baridi ya Julai huko juu haihitaji kusimuliwa. Ila siku hizi kuni ni za kununua, moshi unasumbua vifua vya watoto, na meko yamebaki kuwa dirisha lisilofungika. Usiku baridi inateremka nayo, upepo ukivuma masizi yanamwagika juu ya zulia, na mara moja moja popo anatokea sebuleni.

Kazi ya kuyaziba si kubwa. Mwashi mmoja na msaidizi wake wanaimaliza kwa siku mbili tatu, ukiacha siku za kungojea vitu vikauke. Taabu ni kwamba wengi huziba fayaplesi kama wanavyoziba shimo la panya: saruji juu, saruji chini, kazi imeisha. Baada ya misimu miwili ya mvua, ukuta wa dohani unaanza kutoa madoa ya rangi ya chai ya strungi, rangi inachubuka, na sebule inanuka jivu lililolowa.

Sababu yake ni hii. Dohani ni bomba la mawe lililosimama kwenye mvua mwaka mzima. Mawe mengi ya kuchonga ya upande huu ni ya volkeno na yana vitundu, kwa hiyo yanakunywa maji. Ndani, miaka ya moto imeacha masizi na lami yenye chumvi, na chumvi hizo huvuta unyevu hata kutoka hewani. Maadamu hewa inapita bombani, ukuta unalowa na kukauka. Ukiifunga hewa kabisa, maji hayana pa kwenda ila upande wako, nayo huja yamebeba rangi ya lami. Kwa hiyo juu unazuia mvua na viumbe, chini unazuia baridi, na hewa kidogo unaiachia njia kote kuwili.

Kwanza, ujue nani anaishi humo

Fanya kazi hii wakati wa kiangazi, Januari au Februari, kabla mvua za masika za Machi hazijafika. Usianze kwa kupanda paa. Anza kwa kuingiza simu mdomoni mwa meko, kamera ikitazama juu, taa ikiwaka, urekodi video ya nusu dakika. Utaona kama koo la dohani, yaani pale pembamba juu kidogo ya mdomo, lina kilango cha chuma, kama bomba ni la mawe matupu au limewekwa bomba lingine ndani, na kama kuna wapangaji.

Nyuki ndio wa kawaida. Ukisikia mvumo au kuona masega, mwite mrina asali, aje jioni giza likishaingia. Usijaribu kuwafukuza kwa kuwasha moto: nta inashika moto na kudondoka ikiwaka. Hata nyuki wakishaondolewa, masega lazima yatoke yote. Yakibaki, siku za joto asali inayeyuka, inapenya plasta na kuleta sisimizi, na harufu yake itaita kundi jingine.

Bundi ni habari nyingine, maana wako watu wasiotaka hata kumtaja. Anakula panya wako bure. Kama ana makinda, ngoja miezi miwili hivi warukie zao, kisha weka kofia ya dohani. Popo nao hutoka jua likizama. Wahesabu jioni mbili ili ujue wako wangapi, na usiwafungie ndani. Popo waliofia bombani watanuka kwa muda mrefu kuliko deni la saruji.

Ukiona bomba la rangi ya kijivu lililotengenezwa kama mabati ya zamani ya asbesto, acha kila kitu. Usilikate wala kulivunja. Vumbi lake huharibu mapafu, na kuliondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira.

Jaribio la gunzi

Ukishahakikisha bomba ni tupu, washa magunzi mawili makavu ya mahindi ndani ya meko, uyafunike kwa konzi ya majani mabichi ili yatoe moshi mwingi. Tuma mtu mmoja nje aangalie kichwa cha dohani, na mwingine azunguke vyumba vyote. Moshi ukitokea chumba cha kulala, jikoni, au kwa jirani mliyeunganishwa naye ukuta, mojawapo ya mambo mawili ni kweli: ama bomba lina ufa, ama linatumiwa na meko zaidi ya moja. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa meko mawili yakipeana mgongo, na dohani moja ikibeba mabomba mawili au matatu. Kama jiko la kuni la jikoni bado linatumika na bomba lake ndilo hilohilo, usilizibe. Ukiziba, moshi na gesi yake vitarudi ndani ya nyumba.

Jaribio hili ni la dakika kumi tu, na mafundi wengi hulipuuza.

Kutoa masizi

Ziba mdomo wa meko kwa karatasi ya nailoni na gundi ya utepe, toa zulia, funika viti. Wenye brashi ya dohani watumie brashi. Asiye nayo achukue gunia, alijaze matambara na mawe mawili ya ukubwa wa ngumi, alifunge kamba ndefu na kulipitisha kutoka juu, akilishusha na kulipandisha mpaka lishuke bila kuleta kitu. Kichwa chake kisiwe juu ya bomba, na avae barakoa na miwani. Msirushe maji ndani. Masizi yakilowa yanakuwa uji mweusi unaoingia kwenye mawe, na huo hautoki tena.

Yanayotoka yanaweza kujaza debe tatu au nne. Usiyamwage kwenye mtaro. Yachimbie shimo mbali na kisima.

Juu: kofia, si kizibo

Kabla ya kumpandisha mtu, iangalie dohani kutoka chini, ikiwezekana kwa kulinganisha na timazi uliloning'iniza mbele ya jicho. Tuko ndani ya Bonde la Ufa. Tetemeko la Subukia la Januari 1928 lilifikia ukubwa wa 6.9, na dohani ndefu ya mawe isiyo na chuma ndani ni kati ya vitu vya kwanza kupasuka ardhi ikitikisika. Ikiwa imeinama kiasi cha kuonekana kwa macho, au mawe ya juu yanacheza ukiyagusa, usiegemeze ngazi juu yake. Hiyo ishushwe mawe kwa mawe kwanza, na kilichobaki ndicho kivishwe kofia.

Ukiwa juu, angalia mambo matatu: ufa kwenye saruji ya kichwani, viungo vya mawe vilivyoliwa, na mahali dohani inapokutana na paa. Hapo pa tatu ndipo wengi hudanganyika. Doa lililo karibu na dari mara nyingi halitoki ndani ya bomba bali kwenye flashingi (bati linaloziba mpaka wa dohani na paa) iliyooza au saruji iliyopasuka pembeni mwa mabati. Ukiziba meko bila kurekebisha flashingi, utakuwa umetibu mguu wakati mgonjwa analalamikia kichwa.

Kofia ziko za aina mbili. Ya zege inadumu. Kwa dohani yenye upana wa inchi 18 kila upande, mwaga bamba la inchi 22 kwa 22, unene inchi 2, ili litokeze inchi 2 pande zote. Mchanganyiko ni saruji 1, mchanga 2, kokoto ndogo 4, na nondo za milimita 8 zilizopishana kila inchi 6. Upande wa chini, inchi moja kutoka ukingoni, weka mfereji mdogo kwa kulaza kipande cha waya mnene kwenye kalibu kabla ya kumwaga. Bila huo, maji hutambaa chini ya bamba na kurudi kwenye mawe. Limwagilie maji siku saba. Bamba hilo lina uzito wa kilo 37 hivi, kwa hiyo si la kubebwa begani kwenye ngazi. Livutwe kwa kamba, watu wawili juu na mmoja chini asiyesimama chini yake. Lilaze juu ya miguu minne ya nusu tofali, urefu wa inchi 4, mmoja kila kona.

Ya mabati ndiyo tunayoipendelea kwa dohani za zamani, kwa sababu haizilemei. Mchomeleaji yeyote wa jua kali anaitengeneza: bati bapa la geji 24 lililokunjwa kama paa dogo, miguu minne ya chuma bapa cha inchi 1, na uwazi wa inchi 4 kati ya bati na mdomo wa bomba. Miguu ifungwe kwa bolti kwenye ubavu wa dohani, inchi 6 chini ya ukingo. Ukiifunga kwenye saruji ya kichwani itang'oka na upepo wa kwanza wa Februari, na kofia ya bati inayoruka ni panga.

Kofia yoyote izungushiwe wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 3. Matundu ya nusu inchi yanazuia ndege lakini nyuki wanapita wakiimba. Neti ya mbu nayo ni ndogo mno: vumbi na utando wa buibui huiziba ndani ya mwaka, ukarudi kulekule kwenye dohani isiyopumua.

Kofia ikishakaa, usiguse chini kwa wiki tatu au nne. Acha mdomo wa meko wazi ili bomba likauke. Watu huudhika kwa kungojea huku. Lakini ukijenga ukuta mbele ya bomba lililolowa, unyevu wote uliomo utakuwa wako.

Chini: njia ya mpangaji na njia ya mwenye nyumba

Kama nyumba si yako, au unafikiria siku moja utawasha moto tena, mto wa sponji unatosha. Chukua kipande cha godoro kuukuu chenye unene wa inchi 4. Pima koo la dohani na ukate sponji iliyozidi inchi moja kila upande. Katikati yake toboa tundu la kupitisha kipande cha bomba la plastiki la inchi 2, urefu wa inchi 6, kilichofungwa kipande cha wavu juu. Visha sponji karatasi nzito ya nailoni, isukume juu ikwame. Funga utepe mwekundu unaoning'inia hadi usawa wa macho, ili mgeni mwenye kiberiti aone kwamba kuna kitu juu. Sponji inayoungua hutoa moshi wa sumu.

Anayetaka kubakiza shimo la meko kama mahali pa kuweka maua au vitabu, aagize bamba la chuma la milimita 1.5 lililokatwa kwa ukubwa wa koo, lenye matundu kumi ya nusu inchi, likae juu ya vipande vinne vya chuma pembe vilivyofungwa ukutani. Mbao isitumike hapo; masizi yaliyobaki huiozesha, na kama kuna mchwa watashukuru.

Sasa ukuta wa kudumu. Tuchukue mdomo wa kawaida wa upana wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 75. Nunua bloku 10 za inchi 4, mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 (kama nusu itabaki), debe 3 za mchanga safi wa mtoni, mfuko wa chokaa ya kujengea, karatasi ya DPC (ya kuzuia unyevu usipande) ya upana wa inchi 4, wavu wa kuku kidogo, na kiwambo cha hewa cha inchi 9 kwa 6. Chokaa ya Koru, kule upande wa Kisumu, inapatikana katika hadiwea nyingi za ukanda huu. Usiikwepe kwa sababu saruji peke yake inaonekana ngumu zaidi. Ugumu huo ndio ubaya wake: ukuta wa zamani ni laini na unasogea, saruji kali haisogei, na mpaka wao utapasuka.

Ondoa jivu, wavu wa kuni na matofali yaliyolegea. Usiguse linta, yaani boriti iliyo juu ya mdomo, wala mawe yanayoibeba. Ukuta mpya haubebi chochote, na haufai kubebeshwa. Rafu ya juu unaweza kuiacha. Nyingi ni mbao nzuri kuliko zinazouzwa leo.

Changanya saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Tandika DPC juu ya sakafu ya meko, kisha panga mstari wa kwanza: bloku mbili na kipande cha kujazia. Uso wa bloku ulingane na mawe ya ukuta, si na plasta ya zamani, ili plasta mpya ipate nafasi ya milimita 15. Usiingize bloku kwenye meno ya ukuta wa zamani. Acha kiungo kilichonyooka, na kila mstari ufungwe kwa kipande cha ukanda wa chuma kilichopigiliwa ukutani na kulazwa kwenye udongo wa saruji. Mwenye nyumba wa baadaye akitaka kuufungua, ataubomoa kwa tindo asubuhi moja bila kujeruhi linta.

Kwenye mstari wa pili, sentimita 20 kutoka chini, acha nafasi ya kiwambo cha hewa. Kiweke katikati na hakikisha nyuma yake ni wazi kabisa. Hapa ndipo kosa dogo linapoharibu kazi nzima: fundi anapopanga bloku za juu, udongo unaanguka ndani na kuziba kiwambo kwa nyuma, na kwa nje kinaonekana kizuri tu. Tandika gunia nyuma ya ukuta kabla ya kuanza, likiwa na kamba inayopita kwenye nafasi ya kiwambo, ulivute nje na takataka zake mwishoni. Kisha ingiza kijiti, uhakikishe. Bloku za mstari wa juu zikatwe, na nafasi iliyobaki chini ya linta ijazwe udongo uliokaushwa kidogo, ukishindiliwa kwa ubapa wa mwiko.

Ngoja siku saba.

Plasta na madoa

Toa plasta yote ya zamani iliyobadilika rangi, na uendelee mpaka futi moja nje ya mwisho wa doa. Piga brashi kavu ya chuma. Tandika ukanda wa wavu wa kuku wa inchi 6 juu ya kiungo cha ukuta mpya na wa zamani, kisha piga plasta kwa mikono miwili: ya kwanza milimita 10, ikwaruzwe, ya pili milimita 5 baada ya siku mbili. Mchanganyiko ni uleule wa 1, 1, 6. Jipsamu isitumike kwenye ukuta wa dohani. Inafyonza unyevu na chumvi kama sifongo, na itavimba.

Ngoja wiki nne kabla ya rangi. Rangi iwe ya maji, ili ukuta upumue. Rangi ya mafuta hupendeza wiki za mwanzo, kisha hufanya malengelenge. Doa likirudi baada ya mvua nzito, usipake juu yake. Panda kwanza uangalie kofia na flashingi, halafu chungulia kiwambo. Mara nyingi utakuta mtu amekibandika gazeti kwa sababu ya baridi. Na kama unapanga kutundika televisheni pale, ngoja msimu mmoja wa mvua upite, uone ukuta unasemaje.

Jiko la makaa

Fayaplesi isiyotumika ilikuwa tundu kubwa la hewa, hata kama hukujua. Baada ya kuiziba, sebule inashikilia joto, na inashikilia pia gesi. Desturi ya kuingiza jiko la makaa ndani usiku wa baridi ilikuwa ya hatari tangu zamani. Sasa hatari imeongezeka. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na makaa yasiyotoa moshi ndiyo yanayolaghai. Jiko lisiingie chumba cha kulala kamwe, na matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha yasizibwe kwa matambara.

Mwisho wa kazi, chukua kalamu ya rangi isiyofutika, andika chini ya rafu ya meko: mwaka ulioziba, kwamba juu kuna kofia, na kama kuna sponji au bamba kooni. Nyumba hizi hubadilisha wenyewe, na atakayekuja kubomoa ukuta ili awashe moto wa Krismasi hatapanda paa kuangalia.